Mkubwa Ndiye Huanza

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, ikikutana na utomvu mbichi wa mkaratusi, hunifanya nishike bega langu la kushoto. Mbona nishike la kwangu, na aliyeumia hakuwa mimi? Sijui. Mwezi uliopita, hapa Migori, vijana walikuja kupunguza matawi yaliyokuwa yakigusa nyaya za stima mbele ya duka langu la vitambaa. Mmoja akavuta kamba, mashine ikakohoa mara mbili, ikanguruma, nami nikajikuta nimesimama nyuma ya kaunta mkono begani, kitenge chote nilichokuwa nikipima kimeniangukia miguuni. Mteja akaniuliza kama ni presha. Nikamwambia ni gesi tu, nimekula maharagwe. Kuna mambo huwezi kumweleza mtu aliyekuja kununua kitambaa.

Ninyi nitawaeleza, ila msinicheke mapema.

Baba yangu alikuwa fundi wa pawaso. Ndivyo kila mtu alivyouita ule msumeno wa injini kwetu, kwenye mwinuko ulio juu ya Kendu Bay, mahali ambapo ukiamka asubuhi upepo wa ziwa unakuletea harufu ya omena, wale dagaa wadogo, kabla hata hujanawa uso. Kazi hiyo alijifunzia huku huku Migori, kwenye karakana ya mbao, na alipoiacha alirudi nyumbani na mashine kuukuu ambayo rangi yake ilikuwa imebabuka yote. Mbele ya mpini ilikuwa na kinga ya mkono ambayo pia ndiyo breki. Ukiisukuma, mnyororo unasimama. Hiyo breki ilikuwa na tabia zake. Leo inashika, kesho inakutazama tu. Kwa hiyo Baba hakuiamini breki, aliamini sheria.

Sheria zilikuwa nne, na alizisema kila asubuhi kabla ya kuvuta kamba, kwa sauti ileile aliyosomea fungu la kukariri kanisani siku ya Sabato. Pua isiguse kitu. Dole gumba lizunguke mpini. Simama kando, si nyuma ya bamba. Usikate juu ya bega. Pua ilikuwa ile ncha ya bamba refu ambalo mnyororo huzungukia. Baba alisema ukiigusisha kwenye kitu, hasa upande wake wa juu, meno yanang'ang'ania na mashine nzima inaruka kukurudia usoni kabla hujamaliza kusema "yawa". "Itakupiga teke," alituambia. Mimi nikaikagua mashine ile siku tatu nzima nikitafuta miguu. Tulikuwa na ng'ombe mmoja asiyependa kuguswa pua, naye alikuwa bingwa wa mateke, basi nikaamua kwamba hao wawili ni jamaa.

Watoto wote wa boma lile walizijua sheria hizo. Tulicheza pawaso kwa mabua ya mtama, tukivuma kwa midomo mpaka mate yanaruka, na mimi ndiye niliyekuwa nikisimamisha mchezo. "Gumba! Gumba lako liko wapi?" Nilikuwa na miaka tisa na nilipenda sana kusahihisha watu. Nilimsahihisha hata mhubiri alipokosea namba ya wimbo. Mama aliniambia mdomo wangu utanikosesha mume.

Sasa, kwetu kazi huanzwa na mkubwa. Mbegu ya kwanza ya msimu hupandwa na mkubwa, mavuno ya kwanza huonjwa na mkubwa, na nyumba vilevile. Mdogo akitangulia amemruka mkubwa wake, na hilo huleta chira, ile laana ya kumkausha mtu polepole mpaka nguo zinamning'inia. Baba alitaka kuhamia kwenye boma lake mwenyewe. Mabati alishanunua, yalikuwa yamelala nyuma ya nyumba ya bibi yetu, tuliyemwita Dana, yakishika kutu. Lakini hakuweza kusimamisha hata nguzo moja, kwa sababu kaka yake, Baba Mkubwa Ogola, hakuwa amejenga. Baba Mkubwa alikuwa Osiri akichimba dhahabu, na kila mwaka alituma salamu kwamba anakuja mwaka ujao.

Mwaka mmoja akaja kweli. Nilikuwa darasa la nne. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, viganja vyake vigumu, udongo mwekundu wa mashimo umekaa kwenye kucha zake ukakataa kutoka. Alileta biskuti za paketi na akagawa bila kuhesabu. Mimi aliniita Mwalimu. "Mwalimu, leo nimekosea wapi?" angeniuliza, nami ningemwambia, naye angecheka mpaka Dana amwambie aache kuzoeza mtoto vibaya. Nilimpenda, na niseme tu ukweli, nilimpenda kuliko nilivyompenda Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na sheria nne.

Siku ya kukata mti wa kwanza wa nyumba yake ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ile pawaso ilikuwa imelazwa kwenye gunia mlangoni mwa baraza. Mimi nilitoka jikoni na sufuria ya uji, moto unanichoma vidole kupitia kitambaa, na nyuma yangu ndugu yangu mdogo amening'inia kwenye sketi akilia. Kuzunguka kulikuwa mbali. Nikairuka.

Miguu ilipogusa chini upande wa pili ndipo moyo uliponipasuka. Dana alikuwa ametuambia mara ngapi? Msichana haruki mkuki, haruki jembe la ng'ombe, haruki wavu wa samaki, maana akivuka kitu cha kazi ya wanaume amekiharibu. Pawaso hakuitaja, lakini nilijua vizuri sana nilichofanya. Nikatazama huku na huku. Walioniona ni kuku tu. Nikapeleka uji, nikanyamaza.

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi uliokatwa zamani na marehemu babu ukachipuka tena, kwa hiyo kwenye kisiki kimoja yalikuwa yamesimama mashina mawili, karibukaribu, nafasi kati yao haizidi kiganja. Baba alifyeka nyasi pande zote ili mtu asijikwae. Dana aliketi kwenye kigoda chake, wazee wawili wa ukoo wakasimama na fimbo zao, wanawake na watoto nyuma. Mashemasi wawili wa kanisa walikuwepo pia, wakiangalia jua kila mara, kwa sababu kazi ilipaswa kwisha kabla Sabato haijaingia jua likitua.

Baba akawasha mashine, akaizima tena. Akamgeukia kaka yake. "Omera, ndugu yangu, anza na shoka," akasema. "Mapigo matatu tu, halafu mimi nimalizie."

"Shoka?" Baba Mkubwa akacheka. "Nimepasua mawe Osiri miaka yote hii, mti huu utaniambia nini? Lete hiyo kitu."

"Mkubwa ndiye huanza," mzee mmoja akasema.

Watu wakacheka na kupiga makofi. Nilimtazama Baba. Alifungua mdomo wake, nikajua zinakuja zile sheria nne, hata mimi nikaanza kuzisema pamoja naye kimoyomoyo. Akaufunga. Mdogo hamfundishi mkubwa wake mbele ya mama yao na mbele ya wazee; akifanya hivyo amevua nguo zake na za nduguye. Akavuta kamba, mashine ikawaka, akamkabidhi.

Na mimi nikaona. Gumba la mkono wa kushoto lilikuwa juu ya mpini pamoja na vidole vingine, halikuzunguka. Miguu yake ilikuwa nyuma ya bamba, kifua wazi. Halafu mashine ikaanza kula shina la kwanza, unga mweupe ukirukia suruali yake, na pua ikawa inasogea, inasogea, kuelekea shina la pili lililokuwa nyuma. Nilijua. Nilikuwa nimewazomea watoto wenzangu mara mia kwa jambo hilohilo wakiwa na bua la mtama mkononi. Nikamtazama Baba, naye alikuwa akinitazama mimi, na sisi sote wawili midomo yetu ilikuwa wazi na haikutoa kitu.

Sikuona ikiruka. Niliona bamba liko mtini, kisha nikaona bamba liko begani kwake. Baba Mkubwa alikaa chini taratibu, uso wake ukiwa na mshangao wa mtu aliyeitwa jina asilolijua, na shati lake la samawati likabadilika rangi kuanzia shingoni. Mashine ilikuwa kwenye nyasi bado inanguruma. Kisha Dana akapiga uwi ambao nadhani walisikia hadi ziwani.

Baba aliizima mashine, akavua shati lake, akalikandamiza kwenye jeraha kwa magoti na mikono. Pikapu ya kubebea omena ilikuwa ikipita barabarani. Wanawake waliisimamisha kwa kusimama katikati ya njia, magunia yakashushwa, Baba Mkubwa akapandishwa, na wakaenda naye hospitali ya misheni. Tulibaki na magunia ya omena ya mtu tusiyemjua, mti uliokatwa nusu, na mbwa wakinusa nyasi.

Basi ndugu zangu, tangu siku ile kila mtu alikuwa na jibu na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Mashemasi walisema ni kucheza na saa za Sabato. Mzee mmoja alisema marehemu babu hakupenda mti wake ukatwe kwa mashine. Mama, akiwa jikoni, alisema ni kiburi cha dhahabu, kisha akatuangalia akasema hajasema kitu. Dana alisema kuna mtu amevunja mwiko. Alituita watoto wote, akatupanga mstari, akatuuliza nani amefanya jambo ambalo hakupaswa kulifanya. Binamu yangu mmoja alikiri kuiba sukari. Mwingine alikiri kukojoa kisimani, jambo ambalo lilituharibia kabisa ladha ya chai. Mimi, Mwalimu, niliangalia vidole vyangu vya miguu.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Ukutani palikuwa pameandikwa kwa rangi: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nililitazama neno lile wiki nzima. Mkuu ndiye aliyevunjika! Nikanyoosha mkono nikauliza, na mkuu asiyesikia la mdogo huvunjika nini? Mwalimu akaniambia nifagie darasa, na nikimaliza nifagie na la pili.

Wiki ya tatu tukapelekwa kumwona. Jeraha lilikuwa limeingia usaha, homa haikushuka, na yule mtu mkubwa alikuwa amepungua mpaka pajama ya hospitali inamning'inia. Nguo zinamning'inia! Ndivyo chira inavyomkausha mtu. Aliniona akajaribu kutabasamu. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "leo nimekosea wapi?" Mama alidhani nalia kwa huruma. Nililia kwa sababu nilikuwa nimemuua, na alikuwa ananiuliza kwa upole hivyo.

Nikafikiri sana njiani. Kwetu mtoto akikuruka umekaa umenyoosha miguu, unamwambia arudi, aruke tena kurudi alikotoka, na hapo kosa linafutika. Mbona nisifanye hivyo? Hakuna aliyeniambia kama inafaa kwa mashine, wala kama ina muda wake wa mwisho, wala kama uji ulihesabiwa. Lakini sikuwa na dawa nyingine.

Jumapili mchana, watu wakiwa shambani, nikaenda barazani. Pawaso ilikuwa pale pale kwenye gunia, Baba hakuwa ameigusa, na kwenye meno yake kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka. Nikasimama upande ule nilipotua siku ile, nikageuza mgongo, nikaruka kinyumenyume. Kisha nikaona labda niliruka vibaya, nikazunguka nikarudia. Nilikuwa hewani mara ya tatu niliposikia sauti ya Baba.

"Awuor. Unafanya nini?"

"Nacheza."

Nilingoja kofi. Hakunipiga. Alikaa chini sakafuni, kando ya ile mashine, akaegemeza mgongo ukutani. Sikuwahi kumwona Baba akikaa sakafuni. Nikaanza kupima umbali wa mlango.

"Uliona gumba lake?" akauliza.

"Niliona."

"Na pua?"

"Niliona."

"Mimi pia," akasema. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ungekuwa ni wewe, ungesema?"

Mungu wangu. Amejua. Ndivyo nilivyowaza. Amenikuta narudi kinyumenyume, amejua niliruka, sasa ananitega aone kama nitakiri. Nikamjibu kile kilichokuwa ndani yangu, kwa sababu hofu haikuniachia nafasi ya kutunga kingine.

"Hapana, Baba. Ningenyamaza."

Akageuka akanitazama. Akaweka kiganja chake kichwani kwangu, kizito, kinanuka oili. "Erokamano, nyathina," akasema. Ahsante, mwanangu. Akainuka, akaenda.

Nilibaki pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa kabla. Ni mzazi gani anayemshukuru mtoto kwa kumwambia angeficha kosa? Nililigeuza jambo hilo kichwani miaka mingi, sikupata upande wake wa mbele.

Baba Mkubwa hakufa. Homa ilishuka siku chache baadaye, nami nilikuwa ningali mtoto, kwa hiyo mnajua niliamini ni nini kilichoishusha. Alirudi nyumbani na kovu kutoka shingoni hadi kwapani, na mkono wa kushoto ambao haukupanda tena juu ya bega. Mti wake aliuanza kwa shoka, kwa mkono mmoja, mapigo matatu. Baba akamalizia. Nyumba ikajengwa, na mwaka uliofuata sisi tukahamia kwetu, chini ya mabati yenye kutu.

Lakini Baba aliharibika. Ndivyo watu walivyosema. Tangu hapo hakuwasha pawaso mahali popote kabla hajaikusanya hadhira yote, wazee kwa watoto, na kuwasomea zile sheria nne. Mtu akitaka kuanza kukata yeye kwa sababu ni mkubwa, Baba alimpa shoka. Akilazimisha, Baba aliifunga mashine kwenye gunia akaondoka. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia, "Unanifundisha mimi, niliyekuona ukikimbia uchi?" Baba akamjibu, "Ndiyo. Na gumba lako sasa hivi lingekuwa limekosea." Walimwita fundi asiye na adabu. Mama alikuwa akijifunika leso usoni akipita sokoni. Na mimi, niliyekuwa namjua kama mtu aliyefunga mdomo wake mbele ya wakubwa, sikuelewa ametoa wapi ufidhuli huo. Mtu hata mmoja hakuumia tena kwenye kazi yake, ila wakati ule hakuna aliyehesabu hilo.

Baba alishafariki nilipopata ujasiri wa kumwambia mtu. Nilikwenda kumsalimu Baba Mkubwa, mzee sasa, meno machache, kicheko kilekile. Tulikuwa tunakula samaki. Nikamwambia yote, sufuria ya uji, gunia, kuku walioniona, kuruka kinyumenyume. Alicheka mpaka mke wake akaja kumpiga mgongoni akidhani ni mwiba.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo ulifikiri ni wewe?" akasema akifuta macho. "Mwalimu! Pua iligusa mti, basi. Hata ng'ombe anajua. Ni mimi niliyekataa shoka."

"Na Baba?"

Akaacha kucheka. Alichambua mwiba kwenye samaki, akauweka pembeni. "Baba yako alikuja hospitali, akapiga magoti pale kitandani. Alitaka kusema kwamba aliona nimeshika vibaya, na akanyamaza. Nikamkataza. Nikamwambia, mkubwa haombwi radhi kwa ujinga wake mwenyewe, inuka, usinitie aibu mbele ya wagonjwa. Alijaribu kwa mama yetu pia, akafukuzwa. Nilidhani namsaidia." Akanitazama. "Sijui alikwenda kumwambia nani."

Nikaomba maji, nikanywa, nikatoka nje nikasimama nyuma ya jiko lake mpaka nilipoweza kurudi.

Hakuwa akinitega. Hakujua lolote kuhusu uji na kuruka kwangu. Alikuwa na swali ambalo mama yake alikataa kulisikia na kaka yake alikataa kulisikia, akalileta kwa mtoto wa miaka tisa kwa sababu ndiye peke yake aliyekuwa ameona alichokiona. Na mtoto yule, akijificha, akampa jibu alilolihitaji. Akashukuru kwa adabu. Sidhani aliliamini, kwa maana maisha yake yote yaliyobaki alisema, akasema, akapoteza heshima yake akisema.

Ningerudishiwa ile Jumapili moja tu, nisingeruka popote. Ningekaa naye sakafuni nimwambie: ningesema, Baba. Ningepiga kelele mbele ya Dana na wazee na mashemasi wao. Baba Mkubwa angenichapa, wewe ungenichapa, na jua lingetua tukaingia Sabato sote tukiwa wazima.